Msiba wa Nesi

Mume wangu ni daktari wa meno. Mchana kutwa anachungulia vinywa vya watu, na akirudi nyumbani anavuta kiti mbele ya tangi la kioo kuchungulia vinywa vya samaki. Sitanii. Ndani ya tangi lile, kati ya matumbawe ya kila rangi, anaishi kamba mmoja mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, na kazi yake ni kusafisha samaki. Samaki anasogea, anaachama, kamba anaingia kinywani kuokota uchafu, kisha anatoka salama salimini. Mume wangu alimpa jina la Nesi. Anamsifu kuliko manesi wake wa kazini, na mimi sijui niko nafasi ya ngapi.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapo hapo sebuleni. Mafundi wenzangu wana wimbo wao mmoja, "njoo kesho". Mimi maneno hayo sijawahi kumwambia mteja, na sitaki mtu aje kunivunjia heshima hiyo. Lakini tangi la matumbawe halitaki jua la dirishani, eti linaota mwani. Basi mapazia yakafungwa moja kwa moja, nami nikawa natunga uzi kwenye sindano mchana kweupe kwa taa. Kila mteja aliyeingia alinisikia nikiapa, "Hawa ipo siku nitawakaanga." Mume wangu alipoomba kuleta kamba wa pili, Nesi asiwe mpweke, nilimjibu kwamba kiumbe mwingine ataingia humu ndani siku nitakayotolewa mimi kwa jeneza.

Kwa hiyo alipoitwa kwenye semina ya wiki nzima, alijiona anamkabidhi fisi bucha.

"Mama, maji yakipungua, ongeza haya yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Yanayopaa ni maji tu, chumvi inabaki."

"Mimi napika, baba. Mchuzi ukikauka, nani anaongeza chumvi?"

"Na chakula, ncha ya kijiko tu. Ukizidisha maji yataoza."

"Nenda, utachelewa."

"Na Nesi..."

"Nenda!"

Alipotoka ndipo nikaanza kuogopa. Kwa kiapo changu kile, kikifa chochote mle ndani, mtaa mzima ungesema nimekiua. Mume wangu asingesema kitu, angeninyamazia tu, na ukimya wake naujua.

Nikalitunza tangi lile kwa hasira zangu zote. Nilijaza maji hadi kwenye alama, nikasugua kioo kwa sumaku yake ya kuondolea mwani, nikapima joto mara nyingi kuliko nilivyowahi kuwapima wanangu. Matumbawe yakafunguka yakajaa. Na kila nikilisha, Nesi alikuja kwenye kioo akanipungia sharubu zake ndefu nyeupe. Nilijifanya sioni.

Asubuhi ya siku ambayo mume wangu angerudi, nilimkuta Nesi amelala ubavu mchangani. Miguu yote ipo, sharubu zote zipo, rangi imefifia. Nikamgusa kwa kijiti, akapinduka kama ganda la kitunguu. Nikakaa sakafuni nikalia, tena kwa sauti. Mume nilimwogopa, ndiyo, lakini nilimlilia Nesi mwenyewe.

Nikamtoa kwa kichujio cha chai, nikamviringisha kwenye kipande cha hariri, nikamlaza ndani ya kopo la vifungo. Kisha nikakimbilia duka la samaki. Mwenye duka ni rafiki wa mume wangu.

"Shemeji! Leo jua limechomoza upande gani?"

"Nataka kamba kama Nesi."

"Nesi kapatwa na nini?"

Ningesema ukweli, habari ingefika seminani kabla sijafika nyumbani. "Hajapatwa na kitu. Namtafutia mwenzake."

Kiwavu kikamdondoka mkononi. "Wewe, shemeji? Daktari ana bahati yule!" Akanifungia kamba kwenye mfuko wa maji. "Usimmwage tu humo. Mzoeshe maji ya nyumbani tone kwa tone, kwa mpira mwembamba."

Nikashinda hapo nimeshika mpira, matone yakidondoka, magauni ya watu yameninginia yakinitazama. Hatimaye nikamwachia yule mgeni. Akatambaa hadi kwenye mwamba mkubwa, na nyuma ya mwamba akatokea Nesi, mzima, anang'aa kuliko jana.

Nilipiga ukelele. Nikafungua kopo: Nesi yumo. Nikatazama tangi: Nesi yumo.

Mume wangu akaingia wakati huo huo, macho yamemlowa. "Mwenye duka amenipigia simu. Umemletea mwenzake, mke wangu!"

Ningenyamaza, ningekuwa mke bora mtaa mzima. Lakini mdomo wangu haujui kufungwa. Nikamsogezea kopo. "Na huyu ni nani?"

Akafunua, akainua kile kitu kwenye mwanga, taa ikapenya ikaonekana upande wa pili. "Mama, hili ni gamba tupu. Kamba akikua hulivua lote, mpaka la sharubu, kisha hujificha hadi jipya likakamae. Sikukwambia?"

"Ulikuwa unanifundisha chumvi!"

Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akaiona ile hariri, kicheko kikakatika. Ilikuwa imebaki niliposhona gauni la harusi la binti yetu, na hata binti mwenyewe niliwahi kumnyima.

"Ulimzika kwa hii?"

"Ulitaka nimvike gunia?"

Alinishika bega, akaniambia ninawe, nisuuze sabuni yote, kisha nitie mkono kwenye maji. Nikatia. Nesi akaja, mgeni nyuma yake, wakapanda vidoleni na kuanza kunisafisha kucha, pale pale sindano ilipokuwa imenichoma. Walinitekenya. Sikuthubutu hata kupumua.

Mlango ukagongwa. "Fundi! Gauni langu tayari?"

Mume wangu akanitazama.

"Mwambie aje kesho," nikanong'ona.