Kiwiko cha Mama Ukutani

Siku kamera mpya ilipoingia studioni, mpiga picha aliifuta meza kwa kitambaa kibichi, akairudia kwa kikavu, kisha akaiweka kamera katikati kama mgeni wa heshima anayesubiri kuletewa chakula. Ilikuwa ya aina wanayoiita fremu kamili. Jicho lake la ndani ni kubwa, kwa hiyo linachukua upana wote ambao kamera zake za zamani zilikuwa zikiuacha nje. Alimweleza hivyo kila mteja aliyeingia, hata yule aliyekuja kwa picha ya kitambulisho, ambaye hakuhitaji upana wowote zaidi ya masikio yake.

Kamera za zamani zilikuwa mbili. Alizisogeza ukingoni mwa meza, karibu na kitana cha wateja kilichofungwa kwa kamba kisiibwe. Lenzi alishazitoa, zilibaki bodi tupu, zimezibwa midomo kwa vifuniko vya plastiki. Ya kwanza ndiyo aliyoanzia kazi, hata harusi yake mwenyewe aliipiga nayo. Ya pili ililisha nyumba miaka mingi, kwa mahafali na picha za familia.

"Nauza zote," akamwambia mkewe. "Zinakula nafasi tu."

"Si ubakishe moja? Hiyo mpya ikizima katikati ya harusi ya watu utapiga na nini, na macho?"

"Hazimi huyu. Mtazame."

Alikuwa ameshaanza kuiita kamera huyu.

Mkewe, wateja walimwita Mama Kitambaa. Kazi yake ilikuwa kushika kitambaa cheupe kilichowambwa kwenye mbao nne, akisimama nje kidogo ya picha, ili mwanga ugonge pale urudi kwenye nyuso za watu. Ukiona picha yoyote ya studio ile na bibi harusi ametakata uso kama sahani iliyosuguliwa, ujue pembeni kuna mikono ya Mama Kitambaa, ila haionekani. Hilo halikumsumbua. Aliamini alichoambiwa na mumewe tangu mwanzo: kamera ni nyembamba, haiwezi kuchukua wote.

Mchana akaja fundi wa kamera anayeitwa Skrubu. Yeye hununua za zamani, huzitengeneza, huziuza tena. Akainua ile ya kwanza, akaipimapima mkononi, akairudisha mezani taratibu.

"Hii ina watu," akasema.

"Wengi?" akauliza mpiga picha.

"Hii siyo sana. Hiyo ya pili ndiyo usiseme." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Sinunui kamera yenye watu, mzee. Niliwahi kuuza moja, mteja akanirudishia, eti kila jioni kuna babu anatoka mle anaulizia koti lake. Watoe kwanza, halafu tuongee bei."

"Si uwatoe wewe, ndiwe fundi."

Skrubu akashika kifuniko cha ile ya kwanza, akakizungusha kidogo, kikatoka. Kisha kwenye lile tundu akatoka mama mmoja wa makamo, akija ubavuubavu kama mtu anayepita mlangoni palipozibwa na kabati. Akakung'uta gauni lake la maua. Alikuwa mama yake Mama Kitambaa, aliyefariki zamani kwa ugonjwa wa kifua.

"Shikamoo mama," akasema Mama Kitambaa, akamvutia stuli ya wateja.

"Marahaba, mwanangu. Kuna maji hapa? Mle ndani ni vumbi tupu."

Akaletewa maji. Aliipokea bilauri kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa na upungufu. Mkono ulishuka kutoka begani, ukafika katikati ukakoma. Hapo pakawa na nafasi, unaona ukuta wa nyuma. Kisha ukaendelea tena mpaka vidoleni.

"Kiwiko changu kiko kwenu sebuleni," akasema, kama anayekumbushia mwavuli aliousahau.

Ni kweli kilikuwa kule, kwenye picha ya harusi iliyotundikwa ukutani. Siku ya harusi ya binti yake, picha ya familia ilipigwa uwanjani, na wakwe walikuwa watu wenye maduka. Mama huyu alikuwa dobi wa hospitali, anafua mashuka ya wagonjwa, na dawa ya kufulia ilikuwa imemla mikono mpaka ikawa na mabaka meupe. Wifi, dada yake bwana harusi, aliitazama ile mikono akasema, "Mama, sogea pembeni kidogo, picha ipumue." Akasogea. Akaambiwa tena, akasogea tena. Bwana harusi aliisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akatega taima ili ijipige yenyewe, akakimbilia nafasi yake. Picha ilipotoka, upande wa kushoto palikuwa na kiwiko na pindo la gauni la maua. Mama huyo hakupata picha nyingine maishani. Msibani kwake ilitakiwa picha ya kuweka mezani. Mama Kitambaa akaweka ile ile, na waombolezaji wakapita mmoja mmoja wakikipa pole kiwiko.

Skrubu akafungua na ile ya pili. Hapo walitoka wengi: yaya aliyemlea mhitimu tangu ananyonya, kaka wa mtu kwenye kiti cha magurudumu, binti wa mke wa kwanza, babu ambaye viatu vyake vilikuwa vimefumka. Kila mmoja alipungukiwa na kitu, huyu bega, yule goti. Wakaketi kwenye benchi la wateja. Yaya akakitumia kile kitana, akakirudisha palepale.

Mpiga picha aliwaamkia wote, maana si mtu asiye na adabu. Kisha akajishughulisha na mkanda wa kamera mpya.

"Mkwe wangu," akasema yule mama, "kumbe ulinikata."

"Siyo mimi, mama. Kamera ilikuwa nyembamba. Watu hawakuwa wanaenea."

"Ehe. Na nyuma yako palikuwa na nini?"

"Nyuma yangu?"

"Pale uliposimamisha kamera. Nyuma yako palikuwa na ukuta? Shimo?"

Mpiga picha akaukaza mkanda ambao ulikuwa umeshakazwa. "Uwanja, mama."

"Mkubwa?"

"Uwanja wa mpira."

"Haya," akasema mama, akamaliza maji yake.

Kitambaa kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Mama Kitambaa alikuwa ameushika ubao mmojawapo, na watu waliokuwa pale wakausikia ukilia kwa kubanwa. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia wateja kwa kinywa chake mwenyewe kwamba kamera ni nyembamba. Alimwambia hata mama yake, akiwa kitandani anakohoa: usijali mama, ni mashine tu, haina ubaya na mtu. Alimtazama mumewe mpaka akahisi meno yanamuuma.

"Jumamosi mama yako anakusanya familia kwa picha," akasema, sauti haikupanda. "Mama yangu atakuwepo. Atakaa kwenye picha mzima mzima, kwa kamera yako hiyo pana. Akishaingia, uza hizi mbili, uza hata na mlango. Asipoingia, haziuzwi."

"Nani amekataa? Ndiyo maana nimenunua hii," akasema mpiga picha.

Skrubu akaondoka bila kununua kitu.

Jumamosi familia ilijipanga uani kwa mama mkwe, ua mpana wenye nyasi zilizokatwa, unaoanzia barazani hadi getini. Viti viliwekwa mbele kwa wakubwa. Mama Kitambaa alikuwa amempaka mama yake mafuta mikononi, na akamfunga skafu juu ya ile nafasi ya kiwiko ili upepo usipite. Wakwe wakamsalimia vizuri tu. Mama mkwe akamuuliza habari za huko, akajibu ni salama, ila ni kufinyu.

Wifi alipita kwenye mstari akiwanyoosha watu kola. Alipofika mwisho, akatabasamu.

"Mama, sogea pembeni kidogo, picha ipumue."

Mama akasogea. Alikuwa mtu wa kusogea, kazi ilimfunza hivyo. Kila machela ikipita koridoni, dobi husogea.

Mama Kitambaa akaenda kuchungulia kwenye kioo cha kamera mpya. Wote walikuwemo. Mama yake alionekana kuanzia utosini hadi ndala, na kushoto kwake bado kulibaki nafasi ya kuegesha baiskeli. Kamera haikuwa na neno na mtu yeyote.

"Yupo," akamwambia mumewe. "Usiiguse."

Akarudi kushika kitambaa chake. Mwanga ukawapanda watu usoni.

Mpiga picha akainama achungulie. Wifi akakohoa kidogo, kikohozi kisicho cha kifua. Mpiga picha akanyanyua kichwa, akamtazama dada yake, akaitazama ile mikono yenye mabaka. Kisha akaibeba kamera pamoja na miguu yake mitatu, kwa uangalifu, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala, akaileta mbele hatua kadhaa.

"Mzee, rudi nyuma," akasema Mama Kitambaa.

"Kwa karibu nyuso zinatoka vizuri."

"Nyuma yako kuna ua mzima. Rudi."

"Mama, watu wanaungua na jua hapa. Hiyo ni kazi yangu, wewe shika kitambaa."

Akatega taima. Taa nyekundu ikaanza kupepesa, naye akakimbilia kiti cha kando ya mama yake.

Mama Kitambaa akakiweka kitambaa chini kwenye nyasi. Nyuso za familia zikafifia zote kwa mara moja, na mtu akanung'unika mbona giza. Akatembea mpaka mwisho wa mstari, akasimama kati ya wifi na mama yake, akaupitisha mkono wake kwenye mkono wa kushoto wa mama, ule wenye skafu, akaushika pale pasipokuwa na kitu. Kamera ikalia.

Ndani ya kamera kulikuwa na vumbi, kama mama yake alivyosema, ingawa ilikuwa mpya. Yeye na mama yake walisubiri mle hadi jioni, mpiga picha alipong'oa lenzi ili aisafishe. Wakatoka wote wawili ubavuubavu. Mama Kitambaa akanyoosha gauni, akaenda kuosha vyombo. Bilauri ya kwanza ilimponyoka. Mkono wake wa kushoto haukuwa tena na mahali pa kukunjia.

Picha ilitoka nzuri, ila kwa giza kidogo. Wifi aliisifu, akaomba nakala kubwa. Mpiga picha akaitundika sebuleni kando ya ile ya harusi, na sasa kila picha ina kiwiko chake upande wa kushoto. Ukivitazama vizuri vimefanana; mgeni hudhani ni vya mtu mmoja.

Skrubu aliporudi kuulizia zile bodi, alizikuta juu ya rafu, zimepanguswa, vifuniko vimetolewa.

"Haziuzwi," akasema Mama Kitambaa.

Skrubu akaitikia kwa kichwa. Akainyanyua ile mpya kutoka mezani, akaipimapima. "Na hii nayo imeanza," akasema.

"Ni lenzi," akajibu mpiga picha. "Bodi haina tatizo, tatizo ni lenzi, ni nyembamba. Unayo pana zaidi? Nikipata pana, safari ijayo wote wanaingia." Kisha akamgeukia mkewe. "Na kesho kuna mahafali. Nani atashika kitambaa?"

"Tafuta mwenye viwiko," akasema Mama Kitambaa.

Akamimina chai kwa mkono mmoja, bilauri moja kwa kila aliyekuwa kwenye benchi, ya mwisho kwa mama yake. Mama akaipuliza ipoe.

"Kwani juzi nyuma yake palikuwa na nini?" akauliza.

"Nyasi, mama. Mpaka getini."

"Haya," akasema mama, akanywa.