Mugongo yangu na miguu ya Colombe

Mutu asinidanganye: kuacha mutoto wako chini iko kazi nguvu kuliko kumubeba. Mie Séraphine, nilimubeba Colombe mu mugongo miaka ine muzima, kupanda na kushuka milima ya Cimpunda, na sikuchoka. Alizaliwa na miguu ya kukakamaa, kutembea hakuweza. Ku fiche, karatasi ya kuzaliwa, balimuandika Nabintu, juu serikali ilikataza majina ya kizungu, lakini kwetu iko Colombe.

Kila siku ya tatu Maman Virginie alitoka ku centre ya batoto balemavu, anamunyoosha miguu polepole na mafuta ya mawese. Siku moja akaomba bwana yangu, Floribert, atengeneze njia ya mianzi, kutoka ku mulango mpaka karibu ya mufereji, mutoto ashike huku na huku akijifunza kutembea. Kisha akanigeukia.

« Maman Séraphine, kuanzia leo mugongo yako ipumuzike. Akikuhitaji, akufuate. Ukiendelea kumubeba, hii miguu itakauka. Na akikuwa mukubwa, nani atamubeba? »

Nilikasirika. Nilimupa kiti, nilimupa chai, na yeye ananifundisha kutupa mutoto! Kwetu, mama akiacha mutoto analia chini, batu banamusema mpaka ku misa. Lakini ile ulizo yake ikanibakia mu roho.

Wiki tatu nilidanganya. Virginie akiwa, Colombe iko ku mianzi. Akishavuka kona tu, nafunga kikwembe, ile nguo ya kubebea, hop, mugongo. Virginie akirudi anashika ile miguu, ananiangalia. Alijua. Haya ilinikula.

Ikafika samedi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, quartier muzima inje na majembe na mafagio. Mie nilikuwa nazibua mufereji, Colombe ku mulango, ameshika mianzi. Akaniita. Akalia. Maman Eulalie, jirani yangu, akaacha kufagia.

« We Séraphine, hausikie? Beba mutoto. »

« Mwache. »

Mikono yote ilikuwa inamutaka. Nikamugeuzia mutoto mugongo, nikaendelea kulima matope, na machozi inaanguka mulemule.

Kilio ikaisha. Nikasikia mianzi inalialia kidogo, inanyamaza, inalia tena. Sikugeuka. Kisha mukono ndogo ikashika kikwembe yangu kwa nyuma.

Colombe alikuwa amesimama, jasho mu uso, na mianzi imebaki hatua moja nyuma yake. Maman Eulalie akakaa chini palepale, ku matope. Mie nikatupa jembe, nikafungua kikwembe, nikainama mbele ya mutoto.

« Panda, mama yangu. Umetumika sana, kazi inatosha. »

Aliangalia mugongo yangu kidogo.

« Hapana, » akasema. Akageuka, akashika mianzi, akaanza kurudi ku mulango.

Mie nikabakia nimeinama pale, kikwembe mu mikono, nalia na nacheka, mugongo iko mutupu.