Goti la Mama Glory Mbele ya Wakwe

Wakwe walifika Kawajense asubuhi, na mimi jirani nilikuwa jikoni kwa Mama Glory nageuza wali. Nyumba ilijaa watu hadi barazani. Jambo moja tu lilitutia wasiwasi: goti. Kwa mila ya Kisukuma, mama mwenye nyumba anawapigia magoti wageni wakubwa, na goti la Mama Glory lilikuwa limevimba, halikunjiki, mwaka wa pili sasa. Asiposhuka chini watasema ana dharau, na uchumba unafia palepale.

"Nitawaeleza mimi," akasema Glory. Ndiye bibi harusi mwenyewe, anasoma chuo Mwanza, mambo ya maabara.

"Kwa kifupi, mwanangu," nikamwambia. "Sema mama anaumwa goti, basi."

Angenisikia!

Mzee Luhende, baba wa bwana harusi, akaketi na dada yake Mwandu, mwanamke mwenye jicho la kukagua ng'ombe mnadani. Mama Glory akawasalimia amesimama, ameinama kidogo. Mwandu akaguna.

"Kumbe nyie wa mjini mnasalimia wima?"

Glory akadakia. "Si dharau, shangazi. Ni gegedu, ule ulaini unaozuia mifupa isisagane. Seli zake zikikosa hewa zinachoma sukari nyingi, zinabakiza kitu kinaitwa lakteti. Lakteti inajibandika kwenye protini, hata zile ambazo jeni zimezungushiwa. Hapo seli inaweza kupokea amri mbaya, badala ya kujenga gegedu ikalitafuna. Wanachunguza hayo hata kwenye pingili za mgongo."

Mzee akamtazama dada yake.

"Jeni," Mwandu akasema polepole. "Si ndiyo mambo ya kurithi hayo?"

"Hapana, jeni yenyewe haibadiliki, ni alama tu juu ya..."

"Na mgongo pia?"

"Nimetoa mfano, shangazi!"

"Luhende, unasikia? Ukoo wa kutafunwa mifupa. Wajukuu wetu watatembea kweli?"

Nilitamani kumchapa Glory na mwiko. Kila akisahihisha anazidi kuharibu, mara ataje umri, mara uzito.

"Na dawa yake?" mzee akauliza.

Glory akashusha pumzi. "Ya kuzuia hiyo lakteti isijibandike, bado, baba. Wanatafiti."

"Miaka miwili nameza vidonge vya maumivu, nyie mnatafiti!" Mama Glory akafoka. "Nimechoka kujadiliwa kwenye nyumba yangu kama ndama mgonjwa."

Akashika meza, akashuka. Goti likalia, tukasikia sote. Akapiga magoti yote mawili sakafuni, jasho linamtiririka, akawaamkia upya kwa Kisukuma. "Mwangaluka, baba. Mwangaluka, mama."

Wakaitikia. Ila kuinuka, hakuweza. Mimi mkono huu, Glory mkono ule, wapi! Ikabidi Mwandu mwenyewe aje kumshika kiunoni, na hapo ndipo akaliona goti lilivyofura, ngozi inang'aa.

"Yesu wangu! Dada, si ungesema tu linauma?"

"Mlisubiri niseme?" Mama Glory akamjibu, amening'inia katikati yetu. "Mlishafika kwa wajukuu."

Mzee Luhende akanyanyuka haraka, akasogeza kiti chake mwenyewe. "Mkalisheni mkwe wangu hapa."

Akakaa, mguu ameunyoosha mbele yao, uso umekunjamana.

"Posa tuzungumze," akasema. "Ila harusini msinitegemee kushuka tena."