Mlango Usiosema

Kompyuta ilitoka Mwanjelwa, Mbeya, ikiwa imeviringishwa kwenye kanga. Betri yake ilikuwa pambo: ukichomoa waya, inazima. Yunusu aliishika mapajani njia nzima mpaka nyumbani kwao Mshindo, Iringa, akaiweka mezani mbele ya dada yake kwa madaha ya mtu aliyeleta mahari.

Mwamvita aliipapasa. Homa ilimpofusha akiwa darasa la sita, na tangu hapo kila kitu kipya alikisalimia kwa vidole.

"Ndani kuna nini?"

"Takataka. Windows ya kunakili, na programu ya wizi ya kusoma skrini kwa sauti. Inakusomea kidogo, halafu inakata sauti kwenye utamu."

Hiyo isingefaa. Shirika moja la mbegu za viazi pale mjini lilikuwa linatafuta mtu wa kujibu ujumbe wa wakulima wa Kilolo, na lilikubali kumjaribu Mwamvita siku ya Ijumaa. Masharti yalikuwa wazi: aje na kompyuta yake, isiwe na programu za wizi, na afanye kazi peke yake bila kunong'onezwa na mtu. Ofisi nyingine zilikwishamwambia "tutakupigia", na simu haikulia. Akishindwa hapa, hakuijua ofisi nyingine ya kubisha hodi.

"Tunaweka mfumo mwingine, Linux," alisema Yunusu. "Bure, halali, na fundi ni mimi."

"Hapo kwenye fundi ndipo ninapoogopa."

Yunusu alikuwa na aina mbili za Linux kwenye flashi mbili. Zote zingeweza kuonjwa kabla ya kusimikwa ndani ya kompyuta. Ya kwanza aliifungua kwa mbwembwe. "Dada, ungeiona! Rangi ya dhahabu, madirisha yanafunguka kama shela la bibi harusi."

Mwamvita aliivuta kompyuta karibu. Alikuwa na maelekezo yake. Veneranda, mwalimu asiyeona wa Mbeya, alimtumia ujumbe wa sauti: "Mwenzangu, usichague kwa sifa. Bonyeza Alt, kile chenye alama ya dirisha, na S, vyote kwa pamoja. Ukiitikiwa, huo ni wako. Usipoitikiwa, pita."

Alibonyeza. Kimya. Alibonyeza tena. Shela la bibi harusi halikusema neno.

Flashi ya pili iliitikia mara moja, sauti ya kiume, ya bati, ikitamka Kiswahili kama mgambo anayesoma amri. Mwamvita alishika meza kwa mikono yote miwili.

"Huu."

"Huu? Una sura ya ukuta wa ofisi ya kata!"

"Sura nani anaiona?"

Waliusimika jioni hiyo hiyo, sauti ya bati ikisoma kila hatua, na ilipouliza kama diski yote ifutwe, aliyebonyeza "ndiyo" ni Mwamvita mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu apate habari ya Ijumaa, alikula akashiba.

Lakini Yunusu hakuwa mtu wa kuacha ukuta mtupu. Kesho yake Mwamvita akifua uani, yeye aliifungua kompyuta na kuipamba. Mwamvita aliporudi akabonyeza vile vitufe vitatu, na badala ya mgambo ikatoka sauti ya mdogo wake:

*Karibu dada karibu, mlango umefunguka,*
*Andika bila taabu, fundi Yunusu kafika.*

"Mizani nane kwa nane!" Yunusu alicheka kwa fahari. "Kila ukiingia utalisikia. Na ukilitamani tena, bonyeza hivyo hivyo. Vitufe vile vilikuwa vimekaa bure."

"Havikukaa bure! Hiyo ndiyo kamba yangu kisimani, Yunusu. Sauti ikipotea, nitaivuta kwa kitu gani?"

"Haitapotea. Nimeiwasha moja kwa moja."

"Rudisha kama ulivyovikuta."

"Nitarudisha."

"Leo."

"Nimesema nitarudisha, dada. Mimi si mtoto."

Alisikia vitufe vikipigwa kwa hasira. Hakuuliza tena. Alimjua: ukimuuliza mara ya pili, anasusa, na Ijumaa ilikuwa mlangoni.

Asubuhi ya Ijumaa, Mwamvita akijifunga ushungi, Yunusu alimwambia, "Nimesoma tena masharti yao. Lazima kompyuta iwe na neno la siri. Nimeweka jina la bibi, herufi ndogo zote."

"Umejaribu?"

"Mara kadhaa. Kisanduku kinakuja, naandika, naingia. Safi."

Mwamvita alitaka kuijaribu mwenyewe, lakini bodaboda ilikuwa ikipiga honi nje.

Ofisini kulikuwa na baridi ya kung'ata vidole. Bi Devotha, mkuu wa ofisi, alikuwa na sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno. Fundi wao, Fanueli, alikagua kompyuta, akaridhika. Yunusu aliiwasha, akaandika neno la siri, na shairi lake likajaa chumba kizima.

"Fundi Yunusu nani?" Fanueli aliuliza huku akicheka.

"Ndiye mimi," alijibu Yunusu bila aibu.

"Basi fundi, nje," alisema Bi Devotha.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mkulima ambaye majani ya viazi vyake yalikuwa yakigeuka meusi pembeni. Mwamvita alisikiliza, akatafuta maelezo kwenye faili la shirika, akaandika jibu, akalituma. Mikono ikaanza kupata joto. Alikuwa katikati ya jibu la pili feni ya kompyuta ilipokata pumzi. Taa ya juu nayo ikaacha kuvuma.

"Umeme," alisema Fanueli. Nje jenereta ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika.

Mwamvita alitafuta kitufe cha kuwashia. Feni ilizunguka. Alisubiri shairi. Hakuwahi kulitamani kama sasa, pamoja na majigambo yake yote.

Shairi halikuja. Mgambo naye hakuja.

Je, bado ilikuwa inawaka? Imeganda? Au imekwishafika mahali na inamngoja yeye? Alisogeza mkono juu ya vitufe bila kubonyeza. Ndipo akakumbuka maneno ya asubuhi. *Kisanduku kinakuja, naandika.* Yunusu alikiona. Kwa kuwa alikiona, haikumpitia akilini kusikiliza kama kinasema.

"Lakini hapo si kuna—" alianza Fanueli.

"Fanueli. Funga mdomo," alisema Bi Devotha.

Nje ya dirisha, hatua zilizokuwa zikirandaranda kwenye kokoto zilisimama. Mwamvita alijua ni nani. Kioo kilikuwa kimemtenga naye, na maelezo yote yalikuwa upande ule.

Kamba ilibaki moja. Na aliyepewa kamba hiyo airudishe mahali pake ni kijana asiyependa kuambiwa. Kama hakuirudisha, jaribio limekwisha. Alt. Dirisha. S.

Kimya.

Alisikia kalamu ya Bi Devotha ikiwekwa mezani. Jasho lilimtoka chini ya ushungi, katika baridi ile. Alijilazimisha kuinua vidole, akavishusha upya, taratibu, kimoja kimoja, akavikandamiza pamoja.

"Neno la siri," ilisema sauti ya bati.

Aliandika jina la bibi. *Karibu dada karibu,* ikaimba sauti ya Yunusu, na Fanueli akaangua kicheko. Jibu la pili lilikuwa limepotea. Mwamvita alilianza upya, herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho, kisha akajibu la tatu.

"Ule ukimya," aliuliza Bi Devotha mwishoni, "ulikuwa unafanya nini?"

"Natafuta mlango."

"Ungeukosa?"

"Ningekwambia nimeukosa. Nisingekuomba unishike mkono."

Karatasi zilikusanywa. "Jumatatu njoo na sweta. Chumba hiki kina baridi mwaka mzima."

Nje, Yunusu hakuwa na shairi. Walitembea mpaka barabarani ndipo Mwamvita akauliza, "Vile vitufe ulivirudisha?"

Yunusu alipiga kokoto teke.

"Hapana."

"Mbona vimeitika?"

"Nilivibadilisha ndani tu. Pale mlangoni, penye neno la siri, sikugusa kitu. Sikujua kama mlango nao una vitufe vyake."

Mwamvita alimshika mdogo wake bega, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na hakumwachia mpaka nyumbani.

Huko aliiweka kompyuta mezani, akachukua ile kanga ya Mwanjelwa, akaifunika skrini yote.

"Izime. Iwashe. Uingie."

"Dada, mimi—"

"Fundi Yunusu kafika. Ingia."

Feni ikazunguka, kisha kimya kikatanda. Mwamvita aliketi na kusikiliza kidole cha mdogo wake kikipapasa vitufe, kikisita, kikirudi nyuma, na pumzi yake ikifupika.