Maharage ya Mama Pacha

Katika kikundi cha sala cha mtaa ule, hakuna aliyekuwa na sala ndefu kama Fundi. Alikuwa fundi bomba, mtu wa kuingia chini ya masinki ya watu na kutoka na nywele, vijiko na pete za ndoa, na labda ni huko chini alikozoea kuongea peke yake. Akifumba macho kubariki chakula, alianzia kwenye uumbaji, akawapitia wagonjwa wote wa mtaani mmoja mmoja pamoja na maradhi yao, na alipokifikia chakula chenyewe kilikuwa kimeshapoa. Watu walimvumilia kwa sababu bomba linalovuja likizibwa na Fundi, limezibwa kweli.

Jumamosi hiyo kikundi kilikutana nyumbani kwake. Mkewe, Mama Pacha, aliweka mezani wali na maharage ya madoadoa, yale ya rangi ya mayai ya kware. Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu aliyekuwa kiongozi wa kikundi, alitia kijiko mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna, akashika shavu. Fundi alimwona.

"Mwalimu, yaangalie hayo meno, umeyanunua kwa jasho," alisema. "Humu ndani tunapika kokoto. Mimi mwaka wa nane huu nameza tu, sitafuni."

Meza nzima ikacheka. Mshonaji, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alicheka mpaka akapaliwa. Mama Pacha naye alitabasamu, akamwongezea Mwalimu wali, akaenda jikoni na hakutoka mpaka wageni walipokuwa wanaaga.

Alikuwa anaosha vyombo alipoyasema yake, bila kugeuka.

"Jumamosi ijayo wanakuja tena. Nimeshawaalika."

"Vizuri, mke wangu."

"Utapika wewe. Maharage haya haya, jiko hili hili. Yakiiva vizuri, nitasimama mbele yao niseme kupika sijui, na kwenye kikundi sitapika tena wala sitakanyaga. Yasipoiva, utasimama wewe, uniombe radhi mbele ya wote waliocheka."

"Mama Pacha, ule ulikuwa utani."

"Najua. Nimeucheka miaka minane."

Fundi hakuona cha kumtisha. Maharage ni maji, moto na muda, alijiambia, na vyote vitatu ndivyo vinavyomlisha. Pacha wao walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilibaki na watu wawili, na kuanzia jioni ile wawili hao waliongea yale tu yasiyokwepeka, kama vile nani kaacha taa ya bafuni.

Jumapili jioni alichagua maharage punje kwa punje, akatoa mawe, akayaosha mara tatu, akayaloweka. Jumatatu yalikuwa tayari kwa moto. Aliyachemsha saa tatu nzima, kisha akatoa punje moja na kuitia chini ya jino. Jino ndilo lililokubali kushindwa. Fundi akapiga magoti mbele ya jiko la gesi.

"Ee Bwana," alisema, "wewe uliyetoa maji kwenye mwamba jangwani, mimi siombi makubwa hivyo. Mwamba wangu ni mdogo, na tayari uko ndani ya maji."

Sebuleni, Mama Pacha alifunua ukurasa wa gazeti. "Mungu ana wagonjwa wa kuangalia," alisema. "Ongeza maji."

Aliongeza maji. Maharage yakazidi kuwa maharage.

Jumanne alimwendea muuza nafaka sokoni, akamshtaki kwamba anauza mavuno ya enzi za babu yake.

"Fundi, usinitafute," muuza nafaka alisema. "Gunia hili nimelifungua juzi. Nusu ya mtaa wako inakula humu humu, na hakuna aliyekuja kunisimamia hivi. Tia magadi."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

Mtu aliyezoea kupima kwa milimita, ukimwambia kidogo umempoteza. Fundi alitia vijiko vitatu. Maharage yalilainika, yakaendelea kulainika, yakawa uji wa rangi ya matope wenye ladha ya sabuni ya kufulia. Kwa ubishi alikula sahani nzima, na Jumatano asubuhi alikaa kwenye choo cha mteja kwa muda mrefu, na haikuwa kazi.

Jioni hiyo harufu ilipanda ukuta kutoka kwa Mshonaji: vitunguu vinavyokaribia kuungua, kitunguu saumu, bizari. Fundi alichukua spana kwa ajili ya heshima, akabisha hodi.

"Nimekuja kuangalia bomba."

"Bomba langu ni zima, shemeji," Mshonaji alisema huku utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni mwake. "Sema una njaa, ukae."

Maharage yalikuwa yale yale, ya gunia lile lile. Lakini ganda lilipasuka kwa kuguswa na ulimi, na ndani mlikuwa laini kama siagi, na mchuzi ulishika wali badala ya kuukimbia. Fundi alikula kimya, jambo ambalo Mshonaji hakuwahi kuliona.

"Unayafanyaje?"

"Nachemsha. Saa moja na nusu. Chumvi naitia yakishaanza kulainika. Nyanya mwisho kabisa, maana nyanya ikiwahi, yanagoma. Vitunguu nakaanga pembeni mpaka viwe kahawia, nafuatisha kitunguu saumu na bizari nyembamba, kisha naponda kiasi kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Lakini haya unayajua. Ndivyo anavyopika mkeo."

"Umejuaje anavyopika mke wangu?"

"Alinifundisha yeye, mwaka niliohamia. Hukumbuki? Wakati ule ulikuwa unalamba sahani, shemeji. Nilikuona kwa macho yangu, na wageni walikuwepo."

Fundi aliondoka na sufuria ya Mshonaji kwapani, akiamini siri ni sufuria. Alhamisi aliipikia. Siri haikuwa sufuria.

Ijumaa asubuhi aliitwa kwenye nyumba moja ambako maji ya kuogea yalikuwa hayapati moto. Aliifungua hita, akatoa chuma chake cha ndani, akakikuta kimevaa ganda jeupe, nene kama gamba la mkate wa wiki iliyopita. Alimwonyesha mwenye nyumba, mama mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda kazini, akaanza maelezo ambayo alikwisha kuyatoa kwa wateja mia.

"Unaona hii, mama? Unatumia maji ya kisima. Maji ya huku ni magumu, yamejaa chokaa. Hayatoi povu, yanaziba mabomba, yanaua hita na..."

Akakigeuza chuma mkononi.

"Na nini?" mama aliuliza.

"Na maharage," Fundi alisema taratibu.

"Mimi nimekuita kwa ajili ya hita."

Fundi alikaa juu ya ndoo yake ya vifaa. Kisima cha nyumbani alikichimba mwenyewe, miaka minane iliyopita. Alilifunga bomba la mji chini ya sinki kwa mkono wake, akawaita majirani waje wanywe, akakiombea kisima dakika arobaini watu wakiwa wamesimama juani. Wiki ile ile Mama Pacha alimwambia sabuni haitoi povu siku hizi. Alimjibu kwamba hajui kuchagua sabuni. Mwezi uliofuata maharage yakaanza kuwa magumu, naye akaanza utani.

Kwanza alifurahi, kwa sababu fundi akishajua ugonjwa hana hofu tena. Jioni alichota madumu mawili ya maji ya mji kwa Mshonaji, akayapitisha mlango wa nyuma, akayafunika kwa koti. Akaloweka maharage. Hapo ndipo furaha ilipomwishia, maana sasa yangeiva, na yakiiva Mama Pacha angesimama. Alijua angesimama. Mwanamke yule alikuwa hajawahi kusema neno akalirudisha.

Fundi alijitetea moyoni kwamba makubaliano ni makubaliano. Walisema maharage haya haya na jiko hili hili. Maji hayakutajwa na mtu. Jumamosi alfajiri alipiga magoti kuliombea jambo hilo. Alisema "Ee Bwana," akasubiri, na hakuna kilichofuata. Akainuka akaenda kumenya vitunguu.

Ilipokaribia saa sita nyumba ilikuwa imejaa harufu. Mama Pacha alikuja jikoni, akachota punje moja kwa kijiko, akaikandamiza kwa ulimi. Akasimama hapo muda kidogo akitazama ndani ya sufuria, kama mtu aliyekutana njiani na ndugu aliyeambiwa amekufa.

"Yameiva," alisema.

Kisha akaenda chumbani kubadili nguo. Alirudi amevaa gauni la kijani, la kutokea mbele za watu, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

Wageni walikaa. Mshonaji alivuta harufu akamtazama Fundi, Fundi akatazama chumvi. Mama Pacha hakuegemea kiti. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama abiria anayekaribia kushuka.

"Fundi, chakula ni chako, kibariki," Mwalimu alisema. "Kwa ufupi, kwa jina la Bwana."

Wote wakafumba macho.

"Ee Bwana," Fundi alianza, "tunakushukuru kwa maharage haya. Wewe unajua yamepikwa kwa maji ya nani."

Mshonaji alifumbua jicho moja.

"Unajua kwamba jana nimechota madumu mawili kwa jirani, nikayafunika kwa koti kama mwizi. Unajua kisima chetu kina chokaa, na maharage hayaivi kwenye chokaa hata yachemke mpaka siku ya mwisho. Wateja nawaambia kila siku, Bwana, na risiti nawapa. Unajua mama huyu aliniambia sabuni haitoi povu, na unajua nilimjibu nini."

"Fundi," Mwalimu alisema, macho bado yamefumbwa, "hii ni sala bado?"

"Naelekea mwisho."

"Haya."

"Kwa hiyo, Bwana, msamehe mtu yule."

"Mtu yupi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Pacha.

"Aliyechimba kisima."

"Mtaje."

"Bwana anamjua."

"Bwana anamjua. Wageni hawamjui."

Fundi alifumbua macho, akakuta ni yeye aliyekuwa wa mwisho kuyafumbua. Akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Maharage yalikuwa yanaharibiwa na maji yangu, na mimi nikawa namcheka mpishi. Miaka minane. Na leo nilikuwa nimekaa hapa nangoja mke wangu asimame aseme hajui kupika, ilhali hata haya nimepika kwa njia yake, nimefundishwa na mwanafunzi wake. Mama Pacha, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alisema "Amina" haraka haraka, mkono ukiwa tayari kwenye kijiko.

Mama Pacha aliachia ukingo wa meza. Alijipakulia, akaonja, akafikiri.

"Bizari imezidi," alisema. "Bomba la mji bado liko chini ya sinki?"

"Lipo."

"Lifungue."

"Nikishakula?"

Alimwonyesha sinki kwa kijiko. Fundi akachukua spana.

Alilala chini ya sinki akipambana na koki iliyoshikwa na kutu, akisikiliza vijiko vya wenzake. Alimsikia Mwalimu akiomba sahani ya pili, akisifu jinsi yasivyohitaji meno. Alimsikia Mshonaji akisimulia habari za kulamba sahani, na kuonyesha kwa vitendo, kwa maana meza ililipuka, na katikati ya vicheko hivyo alikisikia kimoja ambacho hakuwa amekisikia kwa siku nyingi, cha mkewe, kinachoanza kwa kukoroma. Koki ikakubali ghafla. Maji ya kutu yakampiga usoni, yakatema mchanga, yakakohoa, yakaanza kuwa meupe.

Alipojifuta macho, Mama Pacha alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati na sahani mkononi. Aliisukuma sakafuni mpaka ilipomfikia. Fundi akala akiwa amelala ubavu, kiwiko ndani ya dimbwi.

"Jumamosi ijayo kikundi kiko kwa Mwalimu," mkewe alisema. "Nimemwambia chakula nitapika mimi."

"Nikusaidie?"

Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko Fundi alivyopenda.

"Utabeba sufuria," alisema.