Nguo Nyeusi Kipese

Mama yangu, Débora, alikuwa akiuza nguo za baloti, yaani mitumba, kwenye soko la Butembo, na nguo nyeusi zilikuwa zikimlalia mezani. Kwetu mtu hanunui nyeusi kama hajafiwa, na aliyefiwa hatafuti gauni la veluru, ile mahameli nzito, lenye lesi ya danteli shingoni. Zile zilizokosa mnunuzi nilizichukua mimi.

Ndani ya baloti moja, mwaka 2001, watu wa Ulaya walikuwa wamefungia viatu kwa kurasa za gazeti la vijana. Nilizinyoosha kurasa zile kwa pasi. Zilionyesha wasichana na wavulana waliovaa nyeusi toka kichwani mpaka kwenye buti, macho yamepakwa wanja mzito, wamekaa juu ya makaburi ya zamani kama watu waliokaa kwao. Waliitwa gothiques. Maandishi yalieleza kwamba hawakuwa na msiba wowote. Walipenda tu ukungu, majengo yaliyochakaa, nyimbo za polepole na uzuri uliomo ndani ya huzuni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisoma maneno yale mpaka nikayajua kwa kichwa, nikafurahi kwamba hali yangu ina jina.

Butembo haikufurahi pamoja nami. Kwenye kwaya ya kanisa letu niliambiwa nichague kati ya wanja na kuimba. Watoto wa mtaa walinifuata nyuma wakiita "mulozi, mulozi", yaani mchawi. Mama alivumilia, kwa sababu angalau nguo zile hazikuozea kwenye mfuko.

Kisha askari waliokuwa wamekula pamoja juma moja kabla wakaanza kupigana mjini, shule ikafungwa, na mama akanifungia mzigo niende Kipese kwa bibi yangu, mama yake baba. Tulimwita Mukaka, kama Wanande wote wanavyowaita bibi zao. Baba, Ézéchiel, alikuwa Beni, fundi wa malori. Barabara kati ya Beni na Butembo ilikuwa imekatika zaidi ya mwezi, hatukuwa na habari zake. Mama alisema hana neno, kwamba mume wake anajua kujificha. Nilimwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Lazima niseme ukweli: nilikuwa sijawahi kupata raha kama ile ya Kipese. Kule juu ni baridi. Gauni la veluru ambalo Beni lingekuua kwa joto, Kipese unalivaa kutwa nzima pamoja na glavu. Saa nne za asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukafunika mashamba ya kabeji mpaka magotini mwangu, na mistari ya mikaratusi ikabaki imesimama bila miguu. Kunguru wenye kola nyeupe walitembea kwenye matuta kama wachungaji. Nyuma ya kanisa dogo palikuwa na makaburi yenye misalaba ya mbao, na ukuta mfupi wa mawe uliofaa kabisa kukalia. Nilikaa pale na daftari, nikinakili majina yaliyokuwa yakifutika. Jikoni kwa Mukaka moshi wa miaka arobaini ulikuwa umepaka kuta rangi ileile niliyoipenda.

Na watu! Hakuna aliyeniita mchawi. Wanaume walivua kofia nilipopita. Wanawake wenye mizigo ya kuni walinipisha njiani, nami sikuwa na mzigo. Walishusha sauti. Nikafikiri kwamba watu wa milimani wamezoea ukungu, wananielewa.

Mukaka alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Alinijua kwa sauti na kwa kunishika uso. Jirani yake wa karibu alikuwa Tamar, mwanamke wa miaka kama arobaini. Mwaka uliotangulia mume wake na mwanawe wa kwanza waliuawa wakirudi sokoni. Tamar alituletea viazi, maharagwe, siku nyingine maziwa. Wanawake kumi na wawili wa kanisa walikuja kulima shamba la Mukaka lote kwa siku mbili, wakati ambapo askari walikuwa wamepita na kubeba akiba za watu, na kila mmoja wao alikuwa na shamba lake linalongoja. Mukaka aliwabariki. Mimi nilisimama kwenye ukingo wa shamba, nikaona jinsi migongo yao inavyopendeza ndani ya ukungu.

Siku moja nilikwenda kisimani na Tamar. Aliweka bidoni lake la maji chini.

"Mukaka ameisha kujua?"

"Kujua nini, mama?"

Alitazama nyuma kwanza. "Juu ya baba yako. Weye unavaa nyeusi tangu ulifika, na Mukaka anaendelea kucheka. Tulifahamu bote. Unamuficha, juu Ézéchiel ni mutoto wake moja tu, na ile habari inaweza kumuua. Ni muzuri, mutoto wangu. Mais ni muzito kwako peke yako."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, neno fupi: hapana. Lakini Tamar alikuwa amekwisha kunikumbatia, na alianza kulia, si kilio kikubwa, mwili tu ukitikisika. Shali yake ilinuka moshi na maziwa. Alilitaja jina la mume wake, kisha la mwanawe, midomo yake ikiwa begani mwangu. Baadaye aliniambia hakuwa amelia tangu siku walipozikwa.

Sikusema. Nilijiambia kwamba si wakati wake. Kesho yake pia haukuwa wakati wake. Ukweli ni kwamba nilipenda kushikwa vile, na niliona kwamba nikisema, nguo zangu zitakuwa mchezo mbele ya macho ya yule mwanamke. Kwa hiyo nikaendelea siku tisa. Jumapili, walipoombea "bale benye kuwa na muzigo wa siri", niliinamisha kichwa. Walipoleta maharagwe, niliyapokea kwa mikono miwili.

Kiongozi wa wanawake wa kanisa aliitwa Katungu, mtu wa haki, asiyependa mambo ya kufichwa. Ndiye aliyeamua kwamba mama hawezi kunyimwa kilio cha mtoto wake. Hakuniuliza, alitaka kunipunguzia mzigo. Alichagua kumwambia Mukaka asubuhi ambayo nilikuwa makaburini.

Nilisikia sauti ikitoka upande wa nyumbani. Mara ya kwanza nilidhani ni mnyama. Mara ya pili nilimtambua Mukaka. Nilikimbia, gauni likanasa kwenye miiba, nikalichana na kuendelea.

Nyumba ilijaa wanawake. Mukaka alikuwa chini kwenye udongo, kitambaa kimemtoka kichwani, akimwita baba yangu kwa jina la utoto ambalo sikuwahi kulisikia. Alikuwa akigonga sakafu kwa viganja, na Katungu alikuwa amemkumbatia kwa nyuma asijiumize.

"Baba hakukufa," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Nilisema tena kwa nguvu.

"Mutoto, acha," Katungu alisema kwa upole. "Ameisha kujua. Hapana haja ya kuficha tena."

"Siko naficha. Hakuna mutu aliniambia amekufa. Hatuna habari yake, ni ile tu."

"Donc hizi nguo ni za nini?"

"Ninazipenda."

Kilio kilikatika. Nilisikia maji yakichemka kwenye sufuria ambayo wageni walikuwa wameweka motoni kwa ajili ya wafiwa. Mukaka alinyoosha mkono, akatafuta hewani mpaka akapata upindo wa gauni langu, akausugua kati ya vidole.

"Hii ni rangi gani?"

"Nyeusi, Mukaka."

"Unaivaa juu ya nani?"

"Juu ya hapana mutu."

Aliuachia upindo, akapangusa vidole vyake kwenye kitenge chake.

Wanawake walitoka mmoja mmoja. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningepumua. Tamar alipita karibu nami akitazama mlango, akasahau shali yake juu ya kiti.

Tulipobaki wawili, Mukaka akauliza, "Sema wazi. Ézéchiel anaishi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Kwa siku tisa nilikuwa nimevaa kifo cha baba yangu, nikala maharagwe ya kifo chake, na sikuwahi kukaa chini nikajiuliza kama kweli yuko hai.

"Sijui, Mukaka," nikasema.

Kituo cha afya kilikuwa na phonie, ile redio ambayo watu walitumia kuongea na miji mingine. Ni mwendo wa saa moja na nusu. Mukaka alitembea akishika mkono wangu, na mimi nilikuwa nimevaa kitenge chake cha ndege wa manjano. Mwenye phonie, mzee mmoja aitwaye Zorobabel, aliita Beni mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe mtu akajibu, akaahidi kutuma ujumbe kwenye gereji ya baba, kwamba Kipese wanasema amekufa. Tuliambiwa turudi siku ya tatu.

Siku zile Mukaka hakula. Mimi nilipata nilichokuwa nimekisoma kwenye gazeti, huzuni yenyewe, na haikuwa na ukungu wala danteli. Ilinifanya nisahau kunawa uso. Ukungu ulipanda saa nne kama kawaida, nami niliuona kama kitu kinachonizuia kuiona njia ambayo mjumbe angeweza kuja nayo.

Siku ya tatu tulikuta watu kama kumi wakingoja zamu. Kwenye phonie hakuna siri. Anachoambiwa mmoja wanakisikia wote. Zorobabel alizungusha vifundo, chombo kikakoroma, kisha sauti ikaingia.

"Kipese, Kipese, huku Beni. Mama, ni miye Ézéchiel. Niko muzima. À vous."

Hiyo "à vous" ni kusema sasa zamu yenu; Zorobabel alimwekea Mukaka kipaza sauti mdomoni, akambonyezea kitufe. Mukaka alikishika kwa mikono miwili. Kisha akauliza, "Asubuyi ulikula nini?"

"Ndizi na sombe ya muhogo, Mama. À vous."

"Sombe yake ilikuwa na chumvi?"

Baba alicheka, na kicheko chake kilikatwakatwa na mikwaruzo. Mukaka alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono. Watu kwenye chumba walipiga makofi.

"Mais nani aliwaambia nimekufa?" baba akauliza. "À vous."

Makofi yalikwisha. Zorobabel alinitazama, akaninyooshea kipaza sauti. Ningeweza kusema ni uvumi. Vita ilikuwa na uvumi kila siku. Nilibonyeza.

"Ni miye, Papa," nikasema. "Niliacha batu baamini."

Kesho yake nilikwenda kwa Tamar na shali yake na kapu la maharagwe, sehemu iliyobaki. Alikuwa akipalilia vitunguu. Aliichukua shali. Maharagwe aliyaacha mikononi mwangu.

"Nilikaa mwaka muzima bila kulia," akasema. "Siku ile nililia na weye. Nilisema majina yabo. Sasa nifanye nini na ile kilio? Nikuombe uirudishe?"

Nilimwambia anisamehe, akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Niliomba nibaki nilime naye. Hakukubali wala hakukataa, kwa hiyo kila asubuhi nilikuja na jembe langu, nikashika mstari wa mbali. Wiki mbili hatukuzungumza. Wanawake waliopita njiani walimsalimu yeye, wakaendelea. Niliwafuata wote kumi na wawili kwenye nyumba zao, mmoja baada ya mwingine, nikaeleza kwa mdomo wangu mwenyewe. Na kila mara ilikuwa vibaya kuliko mara iliyotangulia, kwa kuwa kila mmoja alijitahidi kuwa na adabu kwangu.

Sitasema kwamba niliacha kupenda rangi ile. Naipenda hata leo, na hilo pia linanitia haya. Gauni la veluru nilimkatia Mukaka mto wa kukalia, akakalia.

Wiki ya tatu, siku ya mvua nyepesi, nilikuwa nikihamisha miche ya vitunguu nilipoona miguu ya Tamar imesimama pembeni ya tuta langu. Alitazama kazi yangu kwa muda.

"Unaipanda karibu karibu sana," akasema. "Haitakomaa vile."

Nikaing'oa yote, nikaanza upya.