Pilau ya Sajini Mbaluka

Mpwa wangu, Sajini Mbaluka, alikuwa ameruka kutoka kwenye ndege gizani, ameogelea chini ya maji akiwa na bunduki mgongoni, na amewakomboa mateka mpakani; kwa hayo alivikwa nishani. Hata hivyo, asubuhi ya Jumamosi ile alipofika kwangu Dagoretti Corner, alisahau hata kunisalimu.

"Mjomba, unajua kupika pilau?"

Nilimwagiza aketi kwanza, asalimie ipasavyo, ndipo aeleze shida yake.

Shida yenyewe ilikuwa ya zamani. Alipojiunga na jeshi, dada yangu Kavutha, mjane asiye na mtoto mwingine, alimpa baraka kwa sharti moja: asikaribie risasi. Mbaluka akamdanganya kwamba amepangiwa jikoni. Alipochaguliwa kuingia kikosi maalumu, hakulisahihisha neno hilo. Kila likizo alirudi nyumbani akiwa mpishi. Hata kovu la begani alidai ni la mafuta ya moto. Sasa alikuwa amestaafu, na mchana huo wenzake pamoja na kamanda wao wangefika kwa mama yake, Uthiru, kwa ibada ya shukrani.

"Mama amesema wageni ni wangu, so nipike mwenyewe. Mjomba, twende tu uniambie naanza na nini. Polepole, asisikie."

"Sikulelewa kuutia uongo viungo," nilimjibu. "Utamwambia mama yako ukweli kabla wageni hawajaketi. Nitakusindikiza hadi mlangoni."

"Mlango wa ndege ulikuwa rahisi kuliko huo."

Tulimkuta Kavutha uani, amejifunga leso, jiko limewashwa. Alinisalimu kwa heshima, kisha akamkabidhi mwanawe kisu na kitunguu.

"Haya, mpishi wa serikali. Anza."

Mbaluka alikishika kitunguu kwa ncha za vidole. Alikizungusha, akakikagua pande zote, akapiga goti na kukilaza taratibu juu ya ubao. Mama yake akamwinamia.

"Hicho ni kitunguu, baba. Hakilipuki."

Niligeukia ukuta ili nisicheke. Mbaluka akakiweka kisu chini.

"Mama, mimi si mpishi."

"Endelea."

"Sijawahi kuwa. Nilikuwa komando, hata nishani nilipewa. Hii kovu ni ya risasi. Niliogopa utanikataza."

"Ningekukataza kabisa," alisema Kavutha. "Lakini likizo ya kwanza ulinipikia chai ikaungua. Chai, Mbaluka. Ni jeshi gani lingekula kwako mpaka ustaafu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Miaka yote kanisani, ombi la dada yangu halikubadilika: Bwana awalinde walio angani na walio chini ya maji. Mimi, mzee wa kanisa, nilidhani anawaombea wasafiri.

"Sasa mbona hukuniuliza?" Mbaluka alimuuliza mama yake.

"Ningekuuliza, ungeniongezea uongo mwingine. Kujua nilijua; kila likizo ulitaja ndege na kupiga mbizi usingizini. Nilitaka kuambiwa, na umechelewa mpaka nikalazimika kukupa kisu."

Jirani yake, Peres, alitokea nyuma ya nyumba akiwa amebeba sufuria kubwa ya pilau iliyokwisha kuiva, akicheka hata mfuniko ukacheza. Kumbe yeye na Kavutha walikuwa wamepanga hivyo, naye amepika tangu alfajiri.

Mbaluka alimkumbatia mama yake, naye Kavutha akamwachia amkumbatie, kisha akamrudishia kisu. "Kachumbari bado. Na uvae ile nishani, nione ulichonificha."

Kwa hiyo kamanda alipofika, alimkuta sajini wake uani, nishani kifuani, machozi yakimtiririka juu ya vitunguu. Aliyaeleza maisha ya Mbaluka kazini kwa kirefu, na dada yangu aliyasikiliza akiwa amesimama wima mpaka neno la mwisho. Kisha chakula kikaandaliwa.

"Mama, pilau ni tamu," kamanda alisema. "Nani amepika?"

"Pilau ni ya Peres," alijibu Kavutha. "Kachumbari ndiyo ya mwanangu."

Vipande vya vitunguu vilikuwa vikubwa kama vifungo vya koti. Wanajeshi wote walivila, na hakuna aliyethubutu kulalamika.